Mtani wa Bibi Adelhelma

Hakuwa na mama. Hakuwa na baba, wala shangazi wa kumsema, wala mjomba wa kumwomba nauli. Hakuwa na kitovu, kwa hiyo hapakuwa na mahali duniani ambapo kitovu chake kilizikwa, na mtu akimwuliza kwao ni wapi hakuwa na upande wa kunyooshea kidole. Hakuwa na kabila. Hakuwa na kovu la utotoni, wala jino la maziwa alilowahi kulirusha juu ya paa. Hakuwa na nyusi wala kope. Na kwa kusema ukweli, jambo ambalo Daktari Ambwene Mwasaga alilikwepa kwa miaka mingi, hakuwa na uso.

Daktari Ambwene aliujua upungufu huo wote bila kuangalia popote, kwa sababu aliyempunguzia ni yeye.

Kila asubuhi, juu ya mlima unaoutazama mji wa Lihangwe, wawili hao walikaa kwenye viti vya mbao, magoti yakikaribia kugusana, wakafanya mazoezi ya midomo. Ambwene alisema "ba", na yule mwenzake akasema "ba". Akasema "mbu", naye akasema "mbu". Nje ya dirisha ukungu ulikuwa ukipanda kati ya misonobari, na harufu ya utomvu ikaingia ndani pamoja na baridi. Wakati wote wa mazoezi Ambwene alimtazama kidevu. Macho yake hayakupanda zaidi ya hapo, naye alijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi, midomo ndiyo iliyokuwa ikifundishwa.

Jengo lile liliitwa Kitalu, kama vitalu vya miche ya miti vilivyolizunguka, na mtu aliyeoteshwa humo aliitwa Mche. Huyu alikuwa wa kwanza. Alioteshwa ndani ya tangi la maji ya uvuguvugu, akatolewa akiwa mtu mzima, mwenye mapafu mazuri na mikono yenye nguvu. Moyo huota wenyewe ukilishwa vizuri. Ini huota. Mifupa huota. Uso hauoti hivyo. Mtoto mchanga hulia, hunyonya, hukunja sura kwa njaa na kwa usingizi, na kila anapolia misuli midogo ya usoni hujishona na ngozi inayoifunika, siku baada ya siku, mpaka sura iwe sura. Mche hakulia. Alilala kimya ndani ya tangi muda wote, na alipotolewa, ngozi ya uso wake ilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Wekundu wa nyama ulionekana chini yake, na ngozi ya chini ya jicho moja ililegea ikaliacha likilengalenga machozi ambayo hayakuwa ya huzuni. Wataalamu wenzake walipouliza, Ambwene aliwajibu kwamba uso ungeshughulikiwa baadaye. Kilichohitajika upesi ni sauti.

Sauti ilihitajika kwa sababu milima ya huko ilikuwa imeanza kuporomoka. Kila msimu wa mvua tope lilishuka na nyumba na watu wake. Serikali ilifunga redio ndogo ukutani kwa kila nyumba, na mwanzoni mashine ndiyo iliyowajibu waliofukiwa. Lakini ilionekana kwamba mtu aliye chini ya tope akitambua kuwa anayezungumza naye ni mashine, hunyamaza, na akishanyamaza hukata tamaa, akafa kabla ya majembe kumfikia. Alitakiwa mtu. Na hakuna mtu awezaye kukesha msimu mzima. Ndipo Ambwene akaotesha ubongo unaolala nusu kwa nusu, kama wafanyavyo ndege wanaovuka bahari, upande mmoja ukipumzika na mwingine ukisikiliza.

Mji ulimwita Mche huyo Bwana Zamu. Hakuna aliyewahi kumwona. Walijua tu kwamba ukibonyeza redio, mwanamume mwenye sauti tulivu, yenye mkwaruzo kidogo, atasema, "Zamu inasikiliza," na kwamba hatakuacha mpaka ama utolewe ama ufe.

*

Bibi Adelhelma Mbano alikuwa Mngoni wa Peramiho. Mume wake, fundi wa kiwanda cha mbao, alimleta Lihangwe kwenye baridi, kisha akafa akamwachia kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Tope la mwaka ule liliangusha ukuta wa kilabu, naye akalala chini ya boriti, kifua kimebanwa, redio ikiwa karibu na sikio lake.

Zamu alimwuliza jina, akamwuliza wapi panauma, akamwambia avute pumzi fupi fupi. Mwanamke akachoka na maswali ya kiganga, akaamua kuuliza yeye.

"Wewe kabila gani?"

Redio ikajibu, "Sina, bibi."

"Kila mtu analo. Hata mbwa wa hapa ana kabila."

"Mimi sina kweli."

"Basi kuanzia sasa wewe ni Mhehe," akasema Bibi Adelhelma. "Tangu mume wangu afe sina wa kumtukana. Majirani zangu wana heshima mno, wataniua kwa heshima zao. Wewe utakuwa mtani wangu."

Zamu akauliza Mhehe hufanya nini. Akajibiwa kwamba Mhehe hukimbia. Babu zake walipowaona babu wa Kingoni wakija na ngao, walitimka mpaka wakasahau viatu. Zamu akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri, akasema kwamba enzi hizo hakuna aliyekuwa na viatu.

"Si nimekwambia? Walikuwa wameshaviacha."

Na hapo Zamu, ambaye hakuwahi kufundishwa mzaha na mtu yeyote, akasema, "Kama sisi ndio tuliokimbia, bibi, mbona wewe ndiye uliyelala matopeni na mimi nimekaa kitini?"

Bibi Adelhelma akacheka mpaka mbavu zikamwuma, akamtukana yeye na ukoo wake mzima usiokuwepo, na matusi yale yakampa pumzi. Walitaniana mpaka kulipopambazuka. Waliokuja kumfukua walimkuta akiiambia redio kwamba ana kichwa kama kiazi kilichosahauliwa shambani.

Tangu siku hiyo kila jioni, akishafunga kilabu, alibonyeza redio si kwa dharura bali kwa kutukana. Zamu alimjibu. Ambwene, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, aliandika kwenye taarifa zake kwamba Mche anaonyesha maendeleo mazuri ya lugha.

*

Mvua zilipokwisha, mji ukataka kushukuru. Mwenyekiti wa mji alipanda mwenyewe hadi Kitalu kuomba Bwana Zamu ashuke uwanjani, apewe mgolole na mkuki, ale na watu. Wakubwa wa wizara nao wangekuja, na hao ndio walioshika mustakabali wa tangi la pili, ambamo Mche mwingine alikuwa ameanza kuota, bado mdogo kama mtoto wa kushikwa kwa viganja viwili.

Zamu alitaka kwenda. Alisema hivyo bila kusihi.

"Watakuogopa," Ambwene akamwambia, akikitazama kidevu.

"Wataogopa kwanza," akasema Zamu. "Baadaye je?"

Ambwene alisema atalifikiria jambo hilo, na alipokwisha kulifikiria akamwita Gideoni Mwaijande, kijana wa maabara, mrefu, mwenye sura ya kupendeza na meno yaliyopangika, akampa shati jeupe. Akamwambia aongee kidogo, akisingizia mafua yamekausha sauti. Gideoni alisita, akauliza kama mwenyewe Zamu ameridhia. Ambwene akasema ni kwa faida yake. Alikuwa anaamini hivyo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba siku ile hakuona kuwa anadanganya, alijiona anamlinda mtu.

Uwanja ulijaa. Gideoni alivishwa mgolole, akapigiwa vigelegele, na watu wakaambiana kwamba sauti nzuri kama ile ilikuwa lazima itoke kwa mtu mzuri kama huyu. Kisha Bibi Adelhelma akapanda jukwaani kwa gongo, polepole, akikohoa. Uwanja ukatulia. Akasimama mbele ya kijana, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kwa hiyo leo umekuja na viatu?"

Gideoni akainamisha kichwa akavitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, alivipiga rangi mwenyewe asubuhi. "Ndiyo, bibi," akasema kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Bibi Adelhelma. Akamgusa shavu, akageuka, akashuka. Watu wakapiga makofi.

Hakumtukana. Ambwene, aliyekaa mstari wa mbele, aliliona hilo.

Alimfuata baada ya sherehe, au mwanamke ndiye aliyemfuata. Walikutana nyuma ya turubai la wapishi. Bibi Adelhelma alisema kijana yule ni mzuri, amefunzwa vizuri, mama yake apewe pongezi. Sasa, mtani wake yuko wapi? Ambwene akasema ndiye yule yule, ila umati ulimtia haya.

"Daktari, mimi nauza ulanzi," akasema mwanamke. "Watu hunidanganya kila jioni, tena vizuri kuliko wewe."

Kisha akasema mengine bila mzaha. Kifua chake hakikupona tangu siku ya boriti, na waganga walikuwa wameacha kumpa matumaini, walikuwa wakimpa dawa ya usingizi tu. Alitaka kumwona mtani wake kabla hajafa. Kama ana ukoma aje, kama hana miguu abebwe. Na akifa, mtani aje alale kaburini azuie jeneza mpaka apewe haki yake, kama ifanyikavyo kwao. "Asipokuja mtanizika kimya," akasema, "kama mnafukia gunia."

Ambwene akaahidi.

*

Jioni ile Zamu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha redio. Sherehe yote alikuwa ameisikia, maana redio za uwanjani zilikuwa wazi.

"Yule uliyemtuma ana uso gani?"

"Mzuri," akasema Ambwene.

"Bibi alipomwuliza viatu, alifanya nini? Sikusikia vizuri."

"Alivitazama."

Uso wa Zamu haukuonyesha kitu, kwa kuwa haukuwa na cha kuonyeshea. Jicho lililolegea lilitiririka kama kawaida yake. "Mimi ningemwambia nimevivaa mkononi," akasema, "ili nikimwona nisichelewe kukimbia." Kisha akaomba ruhusa ya kushuka.

Lango la Kitalu halikuwa na kufuli. Lilikuwa na neno la Ambwene tu, na kwa Zamu lilitosha, kwa sababu katika vyote alivyokosa, mtu huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na baba. Ambwene akasema asubiri wakubwa wa wizara waondoke. Walipoondoka, akasema wasubiri barua ya kupitisha tangi la pili. Barua ilipokuja, akasema baridi ya mwezi ule haikumfaa mtu mwenye ngozi ya aina ile. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Aliziokota moja moja, na zote zilimfaa.

Kila jioni Bibi Adelhelma alibonyeza redio, na matusi yake yalikuwa yanafupika, kikohozi kikirefuka.

"Lini?" aliuliza.

"Daktari amesema nisubiri," akajibu Zamu.

"Basi msubirie, Mhehe. Mimi ndiye sijui kama nitasubiri."

Ambwene aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili. Hakuandika kitu. Akajisemea kwamba wiki ijayo, jua likitoka, atampeleka mwenyewe, jioni jioni, kwa mlango wa nyuma, na kitambaa usoni. Hata katika kukubali kwake palikuwa na kitambaa.

Jua lilitoka. Siku hiyo hiyo jirani mmoja akabonyeza redio ya kilabu, akaomba Zamu amwitie padri, si daktari, tena asihangaike kuharakisha.

*

Walimzika adhuhuri, kwenye mteremko uliopandwa mikaratusi. Mdogo wake, Bibi Osmunda, alikuwa amefika kutoka Peramiho kwa basi la alfajiri, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na sura ya kutotaka upuuzi. Ambwene alikuwepo pamoja na Gideoni na watu wengine wa Kitalu. Padri alikuwa amekwisha kusoma. Watu walikuwa kimya, ule ukimya alioukataa marehemu, na wachimbaji wakashika kamba za jeneza.

Ndipo mtu akashuka kutoka juu kwenye misonobari. Alivaa ovaroli la Kitalu. Alikuwa peku. Hakujifunika kitu.

Walioanza kumwona walirudi nyuma. Mwanamke mmoja akawafunika wanawe macho kwa upande wa kanga. Mwingine akapiga ukelele mfupi kisha akauziba kwa mkono. Wachimbaji waliweka jeneza chini wakasogea kando, na yule mtu akapita katikati ya umati uliokuwa ukifunguka mbele yake, akafika kwenye kaburi, akaingia, akalala chali udongoni.

"Hapa hazikwi mtu," akasema.

Umati wote ukaitambua sauti. Hapakuwa na nyumba pale ambayo haikuwahi kuisikia. Wengine walikuwa hai kwa sababu yake. Ambwene aliwaona wakiikodolea macho sura ile na kuisikiliza sauti ile, wakijaribu kuviunganisha, na wasiweze.

"Mimi ni Mhehe," Zamu akaendelea kutoka shimoni. "Huyu Mngoni aliniambia sisi ndio tunaokimbia. Nimekuja bila viatu anione, namkuta ameondoka. Nani amekimbia sasa?"

Upepo ulipita kwenye mikaratusi. Ambwene alihisi kwamba dakika ile lolote lingeweza kutokea, hata jiwe kurushwa, na kwamba hilo ndilo alilokuwa akilihofu siku zote. Na papo hapo akatambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatazama kidevu, hata pale, hata kwa mbali.

Bibi Osmunda akasogea mpaka ukingoni. Akainama, mikono magotini, akamtazama Zamu usoni. Hakumtazama kwa kuibia, wala kwa huruma. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akaanzia kwenye paji la uso akaenda hadi mdomoni, akarudi, akasimama kwenye lile jicho.

"Mhehe gani huyu!" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wenzako walikimbia wakaacha viatu. Wewe umeacha mpaka uso."

Kilichofuata kilitoka kaburini. Ilikuwa sauti ambayo Ambwene hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya kumfundisha "ba" na "mbu". Zamu alikuwa anacheka. Uso haukuweza kucheka, lakini kifua kilicheka, mabega yalicheka, udongo ukamporomokea. Mchimbaji mmoja akafuata kwa kujizuia, kisha bibi mmoja nyuma, kisha wengi. Si wote. Mwanamume mmoja alitema mate akaondoka, na yule mwenye watoto hakuwafunua macho. Lakini wengi walicheka, na wakicheka waliendelea kumtazama, na kadiri walivyomtazama ndivyo alivyozidi kuwa mtu fulani aliyelala kaburini kwa ukaidi, akisumbua watu.

Bibi Osmunda akauliza anataka nini ili atoke. Zamu akasema anataka kata ya marehemu ya kupimia ulanzi. Ikaletwa. Alipoinuka, mkono uliomvuta juu ulikuwa wa Gideoni, shati lake jeupe likachafuka udongo mpaka begani. Mikono ya Ambwene ilikuwa mifukoni.

Jeneza lilipokuwa likishuka, Ambwene alifikiria jambo moja tu. Maneno yale ya Osmunda yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa yake kuyasema. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye angeyasema vizuri zaidi, na angekuwa amekaa mlangoni pa kilabu chake akiyasema, na akapata jibu.

*

Zamu hakurudi Kitalu. Alihamia chumba cha nyuma cha kilabu, akafunga redio yake humo, na Osmunda, aliyesema atakaa mpaka matanga yaishe, akakaa. Wanywaji wengine walihama. Wengine walikuja mara mbili ya walivyokuwa wakija. Ilisemekana walimwita kila jina baya chini ya jua, naye akawarudishia.

Ambwene alijaribu kumpigia. Alibonyeza redio ya ofisini, akasikia ile sauti.

"Zamu inasikiliza. Una dharura?"

"Sina," akasema.

"Basi waachie njia wenye nayo."

Ndipo akaamua kuandika barua. Alikaa kwenye kiti cha mazoezi, kile kingine kikiwa kitupu mbele yake, na tangi la pili likivuma taratibu ukutani. Ndani yake Mche wa pili alikuwa amefikia ukubwa wa mtoto aliyetimiza siku za kuzaliwa. Wizara ilimtaka mtu mzima, kama wa kwanza, tayari kwa kazi. Kumtoa sasa kulikuwa na maana ya kumtoa asiye na faida kwa yeyote, wa kulia na kunyonya na kuchafua nguo, na kwa kosa hilo Kitalu kingefungwa na yeye kufukuzwa.

Alianza kwa kuomba radhi, akaona ukurasa umejaa sababu zile zile, sasa zimegeuzwa kuwa majuto. Akaichana. Ya pili ilieleza sayansi ya misuli ya uso. Akaichana nayo. Ya tatu aliiandika bila kunyanyua kalamu.

"Nilikuwa nasema watu wa mji watakuogopa. Mimi ndiye niliyekuogopa, nikawasingizia wao. Hata rangi ya macho yako siijui. Siku ya Jumamosi asubuhi nitamtoa mdogo wako tangini, akiwa hivyo alivyo, ili alie. Hatakuwa na mama, wala hakutakuwa na kitovu cha kuzika, hayo siwezi kuyarekebisha. Lakini atakapolia anahitaji mtu wa kumtazama usoni, na mimi sijui namna. Njoo, na Bibi Osmunda akipenda. Akiwa na sura mbaya, mwambieni mapema."

Aliisoma mara moja, akaikunja. Kwenye bahasha aliandika Mche wa Kwanza, kwa mazoea, kisha akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: Kwa Mhehe wa Bibi Adelhelma, Kilabuni, Lihangwe. Hakuwa na gundi. Akachukua kipande cha nta waliyozibia vifuniko vya matangi, akakipasha kwenye taa, akakidondosha na kukikandamiza kwa dole gumba mpaka kikaganda.

Mchukuzi wa maziwa alikuwa langoni, pikipiki yake ikiunguruma. Akapokea bahasha, akasoma anwani, akacheka peke yake, akasema huyo anamjua, ana deni naye la matusi tangu juzi. Akaitia ndani ya koti, akavuta zipu mpaka shingoni, akateremka.